Chambo cha Mama na Mawe Mawili

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msitegemee maneno matamu. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa miguu zaidi kuliko kwa kichwa. Naandika kama ninavyosema. Mkitaka bibi wa kuwafuta machozi, tafuteni mwingine. Mimi nawaeleza jinsi mama yangu alivyolipa kisasi kwa chambo cha samaki, na kwa nini mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni.

Juzi mjukuu wangu alikuwa anapika keki ya kipaimara cha mdogo wake. Akatoa kachupa kadogo, akafungua kizibo, na harufu ya vanila ikajaa nyumba nzima. Nilikuwa nachambua maharage. Mikono ikasimama. Nikamwambia, "Toka nje na hicho kitu." Mtoto akanishangaa, akadhani bibi yake hapendi keki. Keki naipenda. Harufu ile ndiyo tuna kesi nayo, mimi na yeye, tangu sijaota matiti. Na siku hiyohiyo, kama vile harufu ndiyo iliyomwita, akaingia mgeni. Huyo mgeni nitamrudia.

Tuliishi ufukweni, chini ya milima, mahali ambapo jua la asubuhi huchelewa kwa sababu lazima lipande kwanza upande wa pili. Karibu na nyumba yetu mto mdogo ulikuwa unaingia ziwani, na pale maji ya mto yalipokutana na ya ziwa palikuwa na shimo la maji lenye tope laini chini. Humo walikaa ningu. Ningu ni samaki wa tope. Midomo yake minene, kama mtu anayetaka kupiga mluzi. Hamfukuzi dagaa, hamli mwenzake. Kazi yake ni kunyonya chini, kuonja, kutema, kuonja tena. Ukimtaka huyu lazima umfuate kwa tumbo lake.

Kwetu mahali pa namna hiyo hapakuwa na hati wala bei. Mahali palikuwa pa anayepalisha. Kila asubuhi unatupa matonge yako majini, samaki wanazoea, wanakaa. Watu wakikuona unalisha, hakuna atakayetia ndoana yake hapo, hata kama ana njaa ya siku mbili. Lakini ukiacha mwezi mzima, tangu mwezi mmoja kuandama mpaka mwingine, na mtu mwingine akalisha mbele ya macho ya watu, basi ni pake. Hamna kelele, hamna kesi.

Shimo lile alilisha baba. Kisha baba akazama na mtumbwi wake, upepo wa kusini ulimkuta mbali, na ziwa halikumrudisha. Watu wakamtazama mama. Yeye alikuwa Mmatengo wa Litumbandyosi, mtu wa kahawa na mahindi, hata kuogelea hajui. Wakasema atafunga vitu vyake apande milimani kwao. Hakupanda. Kule kwao kaka zake walikuwa na wake na watoto wa kutosha, na yeye alijua mwanamke anayerudi na mtoto anapewa jembe bovu na kona ya moshi. Akasema, "Hapa kuna shimo. Shimo litatulisha." Akaanza kulisha yeye.

Baba alikuwa anatupa pumba tu. Mama alileta akili ya kwao ya kupika pombe. Alichukua machicha ya komoni, ile pombe ya mahindi, yakiwa bado na uvuguvugu, akayakamua kwenye kitambaa. Akaongeza ndizi zilizoiva mpaka ganda likawa jeusi na nyuki wanaziulizia. Akakaanga pumba za mahindi kwenye kigae, taratibu, mpaka zitoe harufu ya biskuti. Karanga alizichoma akazitwanga na maganda yake. Vyote hivyo alivishika kwa uji mzito wa muhogo, akavifinyanga matonge ya ukubwa wa pera, akayaweka kwenye kichanja juu ya moto siku mbili, yakakauka nje, ndani yakabaki laini yakiendelea kuchachuka. Ya ndoana aliyafinyanga madogo kama punje ya haragwe. Mimi nilikuwa nafinyanga naye. Harufu ile haikutoka mikononi. Shuleni waliniita Machicha. "Machicha, sogea huko, utatulevya!" Nilipigana nao, lakini usiku nilikuwa nalala nimeweka viganja puani, kwa sababu ndiyo ilikuwa harufu ya mama.

Na kulikuwa na mawe mawili. Jeusi moja, la mtoni, la duara, na jeupe moja lenye mgongo bapa. Kabla ya kutupa tonge, mama alipiga magoti kwenye maji ya kina cha goti, akazamisha mikono, akagonganisha mawe hayo chini ya maji. Ko. Ko. Ko. Anapumzika. Ko. Ko. Ko. Ndipo anatupa. Mimi, kwa akili ya utoto, niliielewa shughuli hiyo vizuri sana: baba yupo humo ndani, na mama anambishia hodi. Sikuwahi kumuuliza. Mambo ya mtu na mume wake hayaulizwi. Mimi nilisimama pembeni, nikasema kimoyomoyo, shikamoo baba.

Miaka ile ndiyo dunia ilikuwa inafunguka. Kabla ya hapo duka la pale kijijini lilikuwa na rafu tupu, kiberiti unakipata kwa kujuana. Ghafla ikawa ruksa. Milimani wakaja watu na magari yao kununua kahawa, kila mtu na mzani wake. Ufukweni kwetu akaja Mzee Shomari, mtu wa pwani, akafungua duka, akapanga sabuni za rangi, mafuta ya nywele, biskuti za pakiti, marobota ya mitumba, na vichupa vidogo vya harufu za kutia kwenye keki, kana kwamba kuna mtu kule aliyejua keki. Watu wakawa wanakwenda kutazama tu.

Aliyelewa zaidi na mambo hayo ni baba mdogo, mdogo wake baba. Jina lake lilikuwa Ladislaus. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye mdomo, hawezi kupita bila kukutania. Alikuwa ameanza kusema, "Siku hizi ni soko huria, shemeji. Anayelala anaamka hana shuka." Mama alikuwa anamjibu, "Mimi nalala juu ya mkeka, shemeji. Shuka kachukue kwingine." Wanacheka wote wawili. Mimi nilimpenda. Alikuwa na kicheko cha baba.

Ndipo mama akafiwa na mama yake kule Litumbandyosi. Akaniambia anakwenda kuzika na atakaa mpaka arobaini ipite. Akaacha matonge yamejaa kichanja kizima. Akanishika mabega. "Kila asubuhi kabla ya shule, matonge matatu. Gonga kwanza, ndipo utupe. Usimwachie mtu. Umesikia?"

"Nimesikia mama."

Nilisikia. Kusikia siyo shida, hata mbuzi anasikia. Nilikaa kwa baba mdogo siku hizo, na siku ya nne alinikuta nikishuka na kikapu gizani, natetemeka kwa baridi. Akasema, "Wewe mtoto, mamba akikuchukua mama yako atanila mimi. Kalale. Nitalisha mimi kwa niaba yenu."

"Mama amesema nisimwachie mtu."

"Mimi ni mtu? Mimi ni baba yako."

Jioni yake akanitolea raba. Raba za kitambaa, nyekundu, za mtumba kutoka kwa Mzee Shomari, moja kamba yake nyeupe na nyingine ya kahawia. Nilikuwa sijawahi kuvaa kiatu. Nilizivaa nikatembea kuzunguka nyumba mpaka kuku wakakimbia. Na nikiwa nazunguka hivyo, akawa ananiuliza kwa utani tu, huku anachonga mpini: "Hivi yale matonge mama yako anatia nini? Mbona yananukia kuliko chakula cha mke wangu?" Mkewe akasema kutoka jikoni, "Kale huko majini basi!" Tukacheka. Nami nikamtajia. Machicha, ndizi nyeusi, pumba za kukaanga, karanga na maganda, uji wa muhogo, siku mbili juu ya moto. Nilitaja kama katekisimu, sikuruka hata kimoja. Niliona fahari.

Kitu kimoja sikukitaja, nacho ni mawe. Siyo kwa sababu nilikuwa na siri. Aliniuliza chambo, nikamjibu chambo. Mawe yalikuwa ya baba.

Na kwa sababu yalikuwa ya baba, sikuyaacha. Kila asubuhi baba mdogo alipobeba kikapu, mimi nilimfuata nikiwa na raba zangu shingoni, nikapiga magoti majini, nikagonga. Akaniuliza mara moja tu, "Unagonga nini huko?"

"Namwamkia baba."

Akacheka. "Haya mwamkie. Mwambie na mimi nipo." Akatupa matonge, watu wote wa ufukweni wakiona mkono wake ukitupa. Mkono wake, siyo wangu.

Mama aliporudi, mwezi ulikuwa umeandama mara ya pili. Alishuka mtoni na mshipi wake asubuhi, akamkuta baba mdogo ameketi kwenye jiwe letu la kukalia, na pembeni yake tonge jipya linalonuka machicha na kitu kingine juu yake, kitamu cha kukera. Vanila. Alikuwa ameongeza ya Mzee Shomari ili chambo kiwe chake.

"Shemeji," mama akasema, "umekaa pangu."

"Pako?" Akaita watu. Walikuja, wavuvi na wake zao, na mzee mmoja aliyekuwa anaamua mambo ya ufukwe. "Waulize hawa. Mwezi mzima nani kalisha?"

Mzee yule alikuwa mwadilifu, na uadilifu wake ndio uliotuchinja. Akasema, "Mtoto alibaki. Kama mtoto amelisha, ni pa mama yake. Tumuulize mtoto." Akaniita. Nikaja na raba zangu nyekundu, nikampa shikamoo.

"Marahaba. Sema kweli. Nani amelisha hapa mama yako alipokuwa msibani?"

Nilifundishwa kusema kweli. Nikasema kwa sauti kubwa, nikidhani namsifu mtu mwema, "Baba mdogo!"

Sijawahi kusahau uso wa mama. Haukukasirika. Ulifunga, kama dirisha linavyofungwa mvua ikija. Baba mdogo akaweka mkono kichwani kwangu, akamwambia mama, "Soko huria, shemeji. Kila mtu anajitafutia."

Nyumbani nilingoja kipigo. Hakikuja. Mama aliosha vyombo, akachukua kitambaa, akaanza kukamua machicha. Nikaanza kulia. Akasema, "Usilie kwenye machicha, yataharibika. Umemwambia vyote?"

"Vyote."

"Na mawe?"

"Hakuuliza mawe. Mawe ni ya baba."

Mama aliacha kukamua. Alinitazama. Kisha akatabasamu, na niwaambie, wajukuu, lile tabasamu halikuwa la kumpa mtu mkono kanisani.

Kesho yake tulikwenda kukaa hatua kumi kutoka shimoni, mahali pasipo pa mtu, maji ya mawe matupu. Mama akagonga. Ko. Ko. Ko. Akatupa matonge yetu yaleyale ya zamani. Hakutia ndoana. Siku ya tatu tukasogea hatua nyingine tano. Baada ya siku tatu nyingine, tano tena. Hivyo hivyo tukielekea kwenye mwamba wa ng'ambo ya mto, mwamba wa mavi ya kunguru, ambako hata nguo hazikufuliwa. Watu walicheka. Baba mdogo alituita kwa sauti kutoka kwenye jiwe lake: "Shemeji! Unatwanga maji! Ukishayatwanga utuletee na sisi unga!" Wavuvi wakashika mbavu. Mimi niliona aibu, nikadhani mama amechanganyikiwa, kwamba anamtafuta baba kila mahali. Nikamwambia twende milimani. Akasema, "Shika kikapu."

Hakuna kisasi kinachochosha kama hicho. Wiki kwa wiki, tukila mboga za majani na ugali, tunalisha samaki tusiowavua. Lakini nikaanza kuona. Mama akigonga, maji yalikuwa yanatikisika kwa chini, mchanga unapanda kama moshi. Na upande wa pili baba mdogo alikuwa hacheki sana. Mwanzo alipata samaki kumi, kisha watano, kisha wawili. Akaongeza vanila. Akaongeza sukari. Akatwanga biskuti za pakiti. Akatia mafuta ya nywele. Mwisho akamwaga manukato ya mkewe, chupa nzima, na huyo mke akasimama mlangoni akapiga kelele kijiji kizima kisikie: "Nenda ukalale nao basi hao samaki! Waoe!" Ufukwe wote ulinuka kama harusi. Ningu hawakuja. Kwa nini waje? Hakuna aliyewaita.

Ikafika siku yake kubwa. Alikuwa amemwalika bwana mmoja mnunuzi wa samaki kutoka Songea, mwenye pikapu na sanduku la barafu, anayetafuta mtu mmoja wa kuwa wakala wake pale ufukweni. Gari lilifika limejaa tope tangu Kitai. Baba mdogo alikuwa amechinja jogoo, ameazima viti vya kanisani, amevaa shati la mikono mirefu. Kijiji kizima kilikuwapo. Akatupa matonge yake, akatia ndoana tano, akamwambia mgeni, "Kaa hapo bosi, hesabu mpaka mia."

Mgeni alihesabu. Akala paja la jogoo. Akahesabu tena. Mshipi mmoja ukatikisika, watu wakasimama, baba mdogo akavuta kwa nguvu, na akatoka kaa. Kaa mdogo, ameng'ang'ania tonge la vanila kwa mkono mmoja. Mtoto mmoja akasema, "Ni wakala huyo?" Kicheko hicho kilisikika mpaka kisimani.

Mama alikuwa juu ya mwamba wa kunguru, ameketi kimya tangu asubuhi. Akanipa mawe.

"Mimi?"

"Mdomo wako ndio uliotoa. Mkono wako urudishe."

Nikapiga magoti. Nikagonga. Ko. Ko. Ko. Nikapumzika. Ko. Ko. Ko. Mama akatupa matonge matatu, na maji yakachemka. Siwezi kuwaambia vingine. Migongo ya ningu ilipanda juu ya maji, wakisukumana kama watu wa mnada. Mama akatia ndoana kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na akavuta, na akavuta, anawatupa nyuma yake kwenye mavi ya kunguru bila kugeuka. Yule bwana aliacha kiti. Akakunja suruali, akavuka mto kwa viatu vyake, akaja kwetu. Nilimtazama baba mdogo. Alikuwa amebaki na viti vya kanisa. Nilifurahi. Padre alinifundisha nisifurahi namna hiyo, na nimeungama mara tatu, lakini kila nikitoka kwenye kitubio furaha nimeikuta inaningoja nje.

Jioni baba mdogo alikuja nyumbani, hana kicheko. Hata hakukaa. "Shemeji, umetia nini? Niambie. Ni dawa?"

"Nimetia vilevile alivyokutajia mwanangu. Hakukuficha hata kimoja."

"Lakini samaki walikuwa wangu."

"Soko huria, shemeji," mama akasema. "Samaki nao wanajichagulia."

Kabla ya mavuno alihama. Akaenda Kitai kuuza soda na mandazi kwa abiria wa mabasi, na samaki hakuvua tena maisha yake yote. Mimi nilichukua zile raba nyekundu, nikazikata kwa kisu, nikashona kitambaa chake kuwa mfuko. Ndani nikatia mawe. Mama aliutazama mfuko akasema, "Mshono mbaya, lakini unafaa."

Nilipokuwa mwali nikamuuliza hatimaye. "Mama, kumbe hukuwa unambishia baba?"

"Baba yako amezama, hasikii. Samaki wanasikia." Akaendelea kukaanga pumba. Zilipokaribia kuungua akasema, bila kunitazama, "Siku za kwanza nilikuwa namwita yeye. Walioitika ni samaki."

Sasa mgeni wangu wa juzi. Ni mtoto wa mwisho wa baba mdogo, mtu mzima mwenye kitambi, kanyoa vizuri, amechimba mabwawa mawili ya samaki kule juu milimani. "Shikamoo dada." Marahaba. Akakaa, akapokea chai, akasema baba yake kabla ya kufa aliwaambia, "Kwa dada yenu kuna chambo. Kamuombeni, mimi nilishindwa." Akatoa simu ili anirekodi. Kicheko chake ni kilekile. Akanipigapiga begani, akaniambia eti yale ya wazee yalikwisha, tule pamoja.

Mtasema, bibi, mtoto hana kosa la baba yake. Ni kweli. Na mtasema, mbona haya yote umeyaandika, si atasoma? Asome. Wale ningu waliojua sauti ile walikwisha kuliwa, na mawe bila miaka ya kupiga magoti majini ni mawe tu. Ila ni yangu. Mtu wa nyumba ile hatayashika nikiwa na pumzi.

Nilimwacha na chai yake, nikaenda jikoni, nikawaita wote wa nyumbani kwangu, wakubwa kwa wadogo, na yule wa keki. Nikawaambia: "Mgeni ashibe, apewe kitanda cha mbele. Chambo mwandikieni chote, msimfiche hata kimoja, na hiyo chupa ya vanila mpeni aende nayo. Mfuko mwekundu uleteni chumbani kwangu."